Kulinganisha Jiliwa na Mwendo wa Mashine

Mashine ya kusagia nafaka inaposimama kijijini, habari huenea upesi. Mama aliyefika na debe la mahindi kichwani hurudi nalo nyumbani, au huendelea nalo mpaka kijiji cha pili. Mara nyingi injini haina kasoro yoyote. Kilichoharibika ni kipande cha chuma chenye pande nne na urefu wa kidole, ambacho mafundi hukiita kii. Nusu yake hulala ndani ya mfuo uliochongwa katika shafti, na nusu ya pili ndani ya mfuo uliochongwa katika tundu la puli. Kazi yake ni kuzifunga shafti na puli zizunguke pamoja kama kitu kimoja. Kii ikilegea, puli huzunguka peke yake, mkanda hupiga kelele, na unga hautoki.

Kisa kifuatacho chaweza kutokea katika karakana yoyote. Shafti mpya imekerezwa mjini, na mfuo wa kii umechongwa juu yake kwa mashine. Chuma ni kizuri, kikataji kilikuwa kikali, na upana wa mfuo ni milimita 12 kama ilivyotakiwa. Hata hivyo, wakati wa kuunganisha, puli inakataa kuingia. Fundi anaipiga kii tupa ubavuni mpaka inaingia kwa nyundo. Wiki chache baadaye inalegea tena, na safari hii inaula mfuo wa puli pia. Kila mtu anailaumu kii. Lakini kosa halikuwa katika kii. Lilifanywa kabla kikataji hakijagusa chuma, pale jiliwa lilipofungwa juu ya meza ya mashine likiwa limekaa upande kwa kiasi ambacho jicho halikuweza kukiona.

Namna kosa hilo linavyogunduliwa na kuondolewa hufundishwa kwa wanagenzi katika siku zao za mwanzo, na kwa hiyo wengi huidhani kuwa kazi ndogo. Mwanafunzi wa fizikia na hisabati akiitazama kwa makini, ataona humo pembetatu zinazofanana, wenzo, na mojawapo ya mbinu bora zaidi za upimaji zilizowahi kubuniwa na binadamu.

Mashine na jiliwa lake

Wanafunzi wengi wamekwisha kuiona mashine ya kukereza, ambayo huzungusha kipande cha kazi ilhali kisu hakizunguki. Mashine ya milingi hufanya kinyume chake. Kikataji chenye meno kadhaa huzunguka mahali pamoja, na kipande cha kazi husogezwa mbele yake. Aina yake maarufu, iwezayo kufanya kazi nyingi mbalimbali, ilitengenezwa mwaka 1862 na Joseph R. Brown wa mji wa Providence, Marekani, hasa kwa ajili ya kuchonga mifuo ya kupindapinda ya keekee za chuma.

Kipande cha kazi hukaa juu ya meza ya chuma cha kusubu. Meza hiyo ina miendo mitatu: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Kila mwendo huongozwa na reli zilizochongwa kwa uangalifu mkubwa, na husukumwa na skrubu yenye gurudumu la mkono. Juu ya meza kuna mifuo mirefu yenye umbo la herufi T iliyopinduliwa, ambamo vichwa vya bolti huingia ili kufunga chochote kinachowekwa hapo.

Kwa kuwa vipande vingi vya kazi ni vidogo, havifungwi mezani moja kwa moja. Hufungwa katika jiliwa, na jiliwa ndilo linalofungwa mezani. Jiliwa lina mataya mawili: moja ni tuli, lililoungana na mwili wa jiliwa, na jingine husogezwa kwa skrubu ili kubana. Shafti ikibanwa kati ya mataya hayo, hulala sambamba na taya tuli. Maana yake ni kwamba taya tuli ndilo linaloamua shafti imeelekea wapi. Likiwa sambamba na mwendo wa meza, mfuo utakaochongwa utakuwa sambamba na mhimili wa shafti. Likiwa limekaa upande, mfuo utachongwa ukiwa umenyooka kabisa, wenye upana sahihi na kina sahihi, lakini ukikata shafti mshazari.

Kosa lisiloonekana

Msomaji na achukue namba hizi. Kwenye taya tuli la jiliwa pana alama mbili, A na B, zilizoachana kwa milimita 120. Kutoka A hadi B taya limerudi nyuma kwa milimita 0.36, yaani kiasi cha unene wa karatasi tatu au nne za daftari. Tanjenti ya pembe ya kosa ni 0.36 ikigawanywa kwa 120, ambayo ni 0.003. Pembe yenyewe ni nyuzi 0.17 tu. Kipimapembe cha mwanafunzi kimegawanywa kwa uzi mmoja mmoja. Kwake yeye pembe hii haipo.

Sasa mfuo wa kii una urefu wa milimita 80. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, mwisho wake utakuwa umepotoka kwa 80 mara 0.003, yaani milimita 0.24. Je, kiasi hicho ni kikubwa au kidogo? Kwa mfuo wa upana wa milimita 12, vipimo vya kimataifa katika daraja la kawaida la ukazaji huruhusu upana utofautiane kwa milimita 0.043 tu. Kosa la mwelekeo, basi, limezidi mara 5 nafasi yote ambayo mchongaji aliruhusiwa kukosea katika upana.

Matokeo yake yanaeleweka. Mfuo ulio ndani ya puli uko sambamba na tundu la puli. Mfuo wa shafti hauko sambamba na mhimili wa shafti. Kii haiwezi kuitii mifuo miwili iliyokosana. Fundi akiipunguza kwa tupa ili ipite, haitaigusa mifuo hiyo kwa ubavu wake wote bali kwa pembe mbili tu, moja kila mwisho. Nguvu yote ya injini hupita katika pembe hizo. Kila injini inapowashwa, kii hutikisika kidogo, pembe husagika, nafasi huongezeka, na kutikisika huzidi. Kisichoonekana siku ya kwanza husikika kwa masikio mwezi wa pili.

Unyoofu hutoka wapi?

Fundi wa kisa chetu hakuwa mzembe. Aliweka guni kwenye ukingo wa meza, akalisogeza jiliwa mpaka taya likaelekea kulingana na ubapa wa guni, kisha akakaza. Kasoro ya njia hii ni mbili. Kwanza, jicho hupima nafasi kati ya guni na taya, nalo lina kikomo chake. Pili, na hili ni kubwa zaidi, njia hiyo huuliza swali lisilo sahihi. Ukingo wa meza hauchongi chochote. Umegongwa kwa spana miaka mingi, una makovu, na hata ulipokuwa mpya haikuwa lazima uwe sambamba kabisa na reli. Kinachochonga mfuo ni mwendo wa meza, na mwendo huo haufuati ukingo bali hufuata reli.

Hapana budi kuuliza pia reli zilipata wapi unyoofu wake. Mwaka 1840 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alieleza, katika mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow, namna ya kupata uso bapa pasipo kuwa na uso bapa wa kuigiza. Huchukuliwa sahani tatu za chuma. Ya kwanza na ya pili hupakwa rangi na kugusanishwa, kisha panapogusana hukwanguliwa mpaka zikubaliane. Lakini sahani mbili zaweza kukubaliana ingawa moja imebinuka na nyingine imebonyea, kama bakuli na mfuniko wake. Hapo ndipo ya tatu inapohitajika. Ikiwa ya kwanza inakubaliana na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya tatu na ya kwanza, haiwezekani zote zibinuke wala zote zibonyee. Zote ni bapa. Nyuso bapa za namna hiyo ndizo zilizokuja kutumiwa kukagulia reli za mashine.

Kwa hiyo, unyoofu umekwisha kuwekwa ndani ya mashine na watu waliotangulia. Kazi ya anayefunga jiliwa ni kuuhamisha unyoofu huo kutoka katika mwendo wa meza hadi katika taya. Lugha ya Kiswahili imempa neno linalofaa: kulinganisha. Neno hilo hilo lina maana ya kufanya vitu vilingane na maana ya kuvitazama pamoja ili kujua tofauti yake. Katika kazi hii maana zote mbili hutumika kwa wakati mmoja.

Saa isiyoonyesha wakati

Chombo kinachotumika ni saa ya kupimia. Kwa sura ni kama saa ya mfukoni yenye akrabu moja kubwa na uso uliogawanywa sehemu 100. Chini yake hutokeza kijiti chembamba cha chuma. Kijiti kikisukumwa ndani kwa milimita 1, akrabu huzunguka duara zima. Kila mgawanyo basi ni sehemu moja ya mia ya milimita. Haikutokea kwa bahati kwamba chombo hiki kinafanana na saa. Mwaka 1883 John Logan wa Waltham, Massachusetts, aliomba hataza ya kipimo cha aina hii, na Waltham ulikuwa mji mashuhuri kwa kutengeneza saa.

Siri yake ni ukuzaji. Ubavuni mwa kijiti kumechongwa meno, ambayo huzungusha gia ndogo. Hiyo nayo huzungusha nyingine, mpaka mwendo ufike kwenye akrabu. Kama akrabu ina urefu wa milimita 25, ncha yake hutembea 2 mara 3.14 mara 25, yaani milimita 157, kwa kila milimita 1 ya kijiti. Mwendo umekuzwa mara 157. Unywele wa mtu, wenye unene wa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, huwa hapo hatua ndefu ambayo hata mwanafunzi aliyekaa nyuma ya darasa angeweza kuiona.

Utaratibu wa kazi

Kazi huanza kwa usafi. Meza hupanguswa, na tumbo la jiliwa hupanguswa. Kisha fundi hupitisha kiganja, kwani ngozi huhisi ncha ya chuma ambayo jicho limeikosa. Ncha yoyote iliyochomoza huondolewa polepole kwa kinoo. Chembe moja ya chuma chini ya jiliwa huliinua upande mmoja, na hapo hakuna saa itakayoweza kuliokoa.

Jiliwa huwekwa mezani na bolti zake mbili huingizwa. Bolti moja hukazwa kiasi, ili iwe egemeo; ya pili huguswa tu, ili jiliwa liweze kusogea linapogongwa lakini lisiteleze ovyo. Saa hufungwa kwenye kichwa cha mashine, mahali pasipotembea pamoja na meza, na kikataji huwa kimesimama. Ncha ya kijiti hupelekwa kwenye uso wa taya tuli, karibu na ile bolti iliyokazwa, na kubonyezwa kidogo ili akrabu iwe na nafasi ya kwenda pande zote mbili. Uso wa saa huzungushwa mpaka sifuri ije chini ya akrabu.

Kisha meza husogezwa taratibu kwa gurudumu la mkono, na saa husoma taya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama kidole kinavyopita juu ya mstari wa kitabu. Akrabu ikienda kulia, taya linakuja mbele; ikienda kushoto, taya linarudi nyuma. Jiliwa hugongwa polepole kwa nyundo ya shaba au ya mpira, meza hurudishwa mwanzo, sifuri huwekwa upya, na safari hurudiwa. Baada ya safari tatu au nne akrabu hutulia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Taya linalosogea halipimwi hata mara moja. Ili liweze kuteleza limeachiwa nafasi ndogo, na kwa sababu ya nafasi hiyo huinuka na kugeuka kidogo kila linapobana. Hakuna anayepima kwa kutumia kitu ambacho chenyewe hakijatulia.

Kugonga kwa kiasi gani?

Mwanagenzi aliye peke yake na saa kwa mara ya kwanza hufanya kosa moja ambalo linaweza kumpotezea nusu saa. Akiona 0.36 kwenye B, hugonga mpaka akrabu irudi kwenye sifuri, kisha hurudi A na kukuta sifuri ya huko imehama. Hugonga tena, na tena. Hesabu fupi humwondolea usumbufu huo.

Jiliwa linapogongwa huzunguka juu ya egemeo lake. Kama egemeo liko milimita 30 nje ya A, basi B iko milimita 150 kutoka katika egemeo. Kuondoa pembe ya 0.003 hutaka B isogee 150 mara 0.003, yaani milimita 0.45, na A yenyewe itasogea 0.09. Tofauti ya hizo mbili ni 0.36 iliyokuwa ikitafutwa. Kwa hiyo B hugongwa kupita sifuri kidogo, kwa robo ya usomaji. Lakini kama bolti zote mbili zimekazwa sawasawa na jiliwa linazunguka katikati yake, kila mwisho huhama nusu tu: B hugongwa 0.18, na A hujiletea 0.18 yake kwa upande wa pili. Kanuni ya mafundi wakongwe isemayo kwamba kosa hugawanywa nusu kwa nusu ni sahihi kwa hali hii ya pili, lakini si kwa ile ya kwanza. Anayejua egemeo liko wapi hujua pia nyundo yake itoe kiasi gani.

Nguvu ya sifuri

Saa ya kupimia ya karakana imeanguka mara mbili tatu. Gia zake zimechakaa, na pengine milimita 1 ya kweli yeye huisoma 0.98. Je, jiliwa laweza kulinganishwa kwa chombo kama hicho? Laweza, mradi kijiti kisikwame na saa irudie jambo lile lile kila inapoulizwa.

Sababu yake inastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Kijiti kinapaswa kuwa wima juu ya uso wa taya. Kikiegemea kwa nyuzi 20, usomaji hugawanywa kwa kosini ya nyuzi 20, ambayo ni 0.94. Kosa la 0.36 litasomeka 0.38, na usomaji huo ni wa uongo. Lakini tofauti kati ya A na B ikiwa sifuri, sifuri igawanywe kwa 0.94 au kwa namba nyingine yoyote, hubaki sifuri. Makosa ya kukuza na kupunguza hayana la kushika mahali ambapo hakuna kitu.

Hii ndiyo mbinu ya sifuri. Mizani yenye vitanga viwili huifuata: haisemi mzigo una uzito gani, husema tu kwamba pande mbili zimelingana. Daraja la Wheatstone, ambalo wanafunzi wa fizikia hulitumia kutafuta ukinzani wa waya, huifuata pia. Samuel Hunter Christie alilieleza mwaka 1833, na Charles Wheatstone akalifanya lijulikane kuanzia mwaka 1843. Galvanometa yake haihitaji kuwa na vipimo sahihi. Inatakiwa tu iweze kuhisi kwamba mkondo haupo. Anayelinganisha jiliwa na anayesogeza kigusio juu ya waya wa daraja wanafanya jambo moja.

Sifuri za uongo

Mbinu hii, hata hivyo, ina hatari yake, kwani sifuri yaweza kupatikana pia pasipo ukweli. Saa ikifungwa juu ya meza badala ya kichwa cha mashine, itatembea pamoja na jiliwa na kuonyesha sifuri safari nzima, hata jiliwa likiwa limekaa upande kabisa. Kijiti kikiwa hakigusi taya, akrabu itatulia vivyo hivyo. Ndiyo maana fundi mwangalifu, kabla ya kuiamini sifuri, hulisukuma jiliwa kidogo kwa kidole gumba na kutazama kama akrabu inatikisika. Chombo kisichoweza kukataa hakina haki ya kukubali.

Tena, sifuri katika A na sifuri katika B hazisemi lolote kuhusu katikati. Taya lililotumika miaka mingi huweza kubonyea pale vipande vinapobanwa kila siku, na kwa hiyo saa hupitishwa urefu wote bila kuruka.

Sifuri ya uongo inayodanganya wengi zaidi ni ile iliyokuwa ya kweli dakika tano zilizopita. Bolti ya pili inapokazwa kwa nguvu, washa yake huzunguka na kulivuta jiliwa. Akrabu iliyokuwa imetulia huhama sehemu tatu, tano, au kumi za mia ya milimita. Kwa sababu hiyo bolti hukazwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na saa hupitishwa mara ya mwisho baada ya kukaza. Kipimo cha mwisho ndicho chenye thamani, na ndicho ambacho mtu mwenye haraka hukiacha.

Pale pasipo na saa

Karakana isiyo na saa ya kupimia haikosi njia. Fimbo nyofu ya chuma hufungwa kwenye kichwa cha mashine, na kikataji kisizunguke. Ukanda wa karatasi nyembamba huwekwa kati ya fimbo na taya karibu na A, kisha meza husogezwa mbele taratibu huku karatasi ikivutwavutwa. Karatasi inapoanza kubanwa, namba iliyo kwenye gurudumu huandikwa. Meza hurudishwa nyuma, hupelekwa B, na jambo hilo hilo hurudiwa. Tofauti ya namba mbili ndiyo kosa. Sharti lililopo ni kwamba karatasi ifikiwe kutoka upande mmoja siku zote, kwa kuwa kati ya skrubu na nati yake kuna mlegeo, na anayegeuza mwelekeo huhesabu mlegeo huo kama kwamba ni safari.

Shuleni, mwalimu aweza kuonyesha kanuni nzima bila mashine. Rula moja ndefu hugandishwa mezani iwe reli, na kipande cha mbao huteleza ubavuni mwake. Juu ya mbao hupigiliwa ufito mwembamba wa sentimita 21 kwa pini iliyo sentimita 1 kutoka ncha yake moja. Ncha fupi huigusa rula ya pili, ambayo ndiyo "taya", na uzi mwembamba wa mpira huivuta isiache kugusa. Ncha ndefu hutembea juu ya karatasi ya grafu iliyobandikwa kwenye mbao hiyo hiyo. Ukuzaji ni mara 20, na kosa la nusu milimita huonekana kama safari ya sentimita 1. Wanafunzi na waizungushe rula ya pili kwanza kwa pini iliyo mwisho wake, kisha kwa pini iliyo katikati, wakague kama hesabu za egemeo zilizoelezwa hapo juu ni za kweli.

Mashine za siku hizi

Leo zipo mashine za milingi zinazoongozwa na kompyuta. Baadhi yake hubeba kihisio cha umeme ambacho hugusa kipande cha kazi mahali kadhaa, hukokotoa pembe ya kosa, na kuigeuza njia ya kikataji iifuate pembe hiyo. Hapo jiliwa halikunyooshwa. Hesabu ndiyo iliyopindwa ili ilingane nalo. Lakini kihisio hicho nacho hugusa pointi mbili na kutafuta tofauti yake, kama saa. Nacho pia huweza kudanganywa na chembe ya chuma iliyobaki chini ya jiliwa. Tena, mashine za mkono zingali zikifanya kazi katika karakana nyingi zinazotengeneza vipuri, na humo hakuna wa kukokotoa isipokuwa fundi mwenyewe.

Kazi nzima iliyoelezwa hapa, kwa mkono uliozoea, humalizika katika dakika kumi. Dakika hizo hazionekani popote katika kipande kilichokamilika. Mteja hawezi kuzidai kwa sababu hajui kwamba zipo, na fundi akiziacha hakuna atakayemwona siku hiyo. Huonekana baadaye na mbali, pale puli inapoingia katika shafti kwa msukumo wa mkono, kii inapokaa ubavu wake wote ukigusa, na mashine ya kusaga inapofanya kazi msimu mzima wa mavuno bila kusimama. Mama mwenye debe la mahindi hatapata kujua kwamba milimita 0.36 ziliondolewa kwenye taya la jiliwa mjini. Atajua tu kwamba siku hiyo unga umepatikana, naye akawahi kurudi nyumbani.